Kifua kikuu kimeingia nyumbani, na mtoto ana miezi minane

Swali la msomaji:

"Assalaamu alaykum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Wete, Pemba. Mume wangu ni mvuvi. Alikohoa tangu vuli, tukidhani ni baridi ya baharini, mpaka akaanza kukonda na kutoka jasho usiku. Mwezi uliopita alipimwa makohozi akaambiwa ana TB, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Alipimwa na UKIMWI pia, hana, lakini mtaani wanasema vingine. Mavyaa wangu, ambaye tunakaa naye na ana sukari, amemtengea sahani, kikombe na kijiko, na amemhamishia chumba cha nyuma ambacho dirisha halifunguliwi, akisema upepo utamzidishia kifua. Mtoto wetu wa mwisho ana miezi minane na bado ananyonya. Alichanjwa begani alipozaliwa, kwa hiyo naambiwa nisiwe na khofu naye. Sasa mume amepata nafuu, anakula, hakohoi sana, na anataka kwenda dago, kambi ya wavuvi, na wenzake kwa kuwa anaona dawa zimeshamtosha. Mkojo wake umekuwa mwekundu, wapo wanaosema dawa zinamharibu figo, na wapo wanaosema hili ni jicho la watu, si la hospitali. Ramadhani nayo inakaribia na hataki kula mchana. Je, nimtenge kweli? Nimwachishe mtoto ziwa? Na kama dawa ipo, kwa nini maradhi haya hayaishi duniani?"

Jibu:

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Umeuliza mengi, na nikiyapanga kwa uzito wake, la kwanza ni la mtoto. Watu wa nyumbani wamelifunga mapema kwa kusema kwamba keshachanjwa. Mimi nakuomba ulifungue tena kabla ya wiki hii kwisha. Mpeleke katika kliniki ileile ambayo baba yake anachukulia dawa, chukua na kadi yake ya kliniki, na useme wazi kwamba anaishi nyumba moja na mgonjwa wa kifua kikuu aliyegunduliwa kwa makohozi. Sababu nitaieleza, lakini kwanza lazima nieleze maradhi haya yanavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, maana bila ya hilo ushauri wangu wote utakuwa amri tupu.

Kijidudu cha kifua kikuu, ambacho daktari Mjerumani Robert Koch alikitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, husafiri kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, akipiga chafya au hata akizungumza kwa sauti, hutoa matone madogo mno; maji yake hukauka papo hapo, na kinachobaki ni chembe nyepesi isiyoonekana, inayoelea. Fikiria moshi wa udi katika chumba kilichofungwa: chetezo kimeshatolewa zamani, lakini anayeingia baada ya saa nzima bado anaukuta. Hewa ya chumba cha mgonjwa ndivyo ilivyo, isipokuwa haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Chembe hizo zikivutwa zikafika ndani kabisa ya mapafu ndipo maambukizo hutokea. Ile iliyoangukia sahani, mkeka au shuka imeshamaliza safari yake, kwa sababu haiwezi tena kunyanyuka ikiwa nyepesi kiasi cha kufika huko ndani.

Kwa hiyo vyombo vya mume wako havina kosa lolote. Vioshwe kwa maji na sabuni kama vya watu wote na virudi kabatini pamoja na vyengine. Kupeana mkono, kukaa mkeka mmoja, kutumia choo kimoja na kumfulia nguo hakuleti kifua kikuu. Kuna njia nyengine ya maradhi haya ambayo watu huisahau, nayo ni maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye kifua kikuu cha mifugo. Kama mnanunua maziwa ya ng'ombe kwa jirani, yachemsheni kila siku, mgonjwa awepo nyumbani au asiwepo. Lakini hilo halihusiani na sahani ya mumeo.

Dirisha ndilo jambo kubwa. Nasema hivi bila ya kumvunjia heshima mavyaa wako, kwa kuwa kila alilolifanya amelifanya kwa mapenzi: kutenga sahani hakumkingi mtu yeyote, na kufunga dirisha kunamhatarisha kila anayeingia chumbani kumpelekea chakula, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Upepo haumzidishii mgonjwa kifua. Upepo huzipunguza chembe nilizozitaja hadi zikawa chache mno, na mwanga wa jua huviua vijidudu. Dirisha la chumba kile lifunguliwe mchana na usiku, na mlango wa upande wa pili uachwe wazi ili hewa ipite moja kwa moja badala ya kuzunguka mle mle. Mbu waachiwe chandarua. Mchana akae barazani au chini ya mti. Anapokohoa aufunike mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko, na makohozi ayateme ndani ya kopo lenye kifuniko, kisha yamwagwe chooni. Kama chumba hakina dirisha la kufunguka, basi hicho si chumba cha kumlaza. Ni afadhali sebule yenye hewa kuliko chumba cha peke yake kisichopumua.

Je, umtenge? Swali hili lilikuwa kubwa sana zamani, wakati ambapo wagonjwa wa Ulaya walipelekwa kwenye majumba maalumu milimani na kukaa huko miezi au miaka. Kuanzia mwaka 1956 watafiti wa mji wa Madras, India, ambao leo unaitwa Chennai, waliligawa kundi la wagonjwa sehemu mbili: wengine walilazwa katika majumba ya aina hiyo, yaani sanatoria, wakala vizuri na kupumzika, na wengine walibaki majumbani mwao, katika vyumba vilivyojaa watu na chakula kisichotosha, wote wakipewa dawa zilezile. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wenzao, na lililowashangaza wengi ni kwamba jamaa waliokaa nao hawakuugua zaidi kuliko jamaa wa wale waliotengwa. Maelezo yake ni kwamba jamaa walioambukizwa kwa sehemu kubwa walikuwa wameshaambukizwa kabla ya mgonjwa kujulikana, na dawa zilipoanza, uambukizaji ulishuka haraka. Mumeo yumo katika mwezi wa pili wa dawa. Ikiwa anazimeza kila siku na vijidudu vyake si sugu, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi za mwanzo hatari yake kwa wengine huwa imeshapungua sana. Lala naye chumba chenye hewa, kula naye, na mwache awabebe watoto wake nje, penye upepo. Kwa huyu mdogo tu ningependa mumeo avae barakoa wanapokuwa ndani pamoja, mpaka makohozi yake yatakapopimwa tena mwisho wa mwezi wa pili.

Nimesema "ikiwa vijidudu vyake si sugu", na hilo huna haja ya kulikisia. Mashine ya GeneXpert, inayopima makohozi, hutoa jibu kwa muda usiofika saa mbili, na pamoja na kusema kama kifua kikuu kipo, husema pia kama kijidudu kinaikaidi rifampisini, ambayo ndiyo dawa iliyo uti wa mgongo wa matibabu yote. Mwulize muuguzi jibu hilo lilikuwaje. Likiwa sugu, matibabu hubadilika kabisa, na mashauri yangu juu ya watoto nayo yanabadilika.

Sasa nije kwa mtoto. Chanjo aliyopewa begani, BCG, ilianza kutumika kwa binadamu mjini Paris mwaka 1921, na hadi leo ndiyo chanjo pekee ya kifua kikuu inayotolewa. Kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na sura mbaya kabisa za maradhi haya, yaani kifua kikuu cha utando wa ubongo na kile kinachotapakaa mwili mzima kupitia damu. Kazi hiyo inaifanya vizuri, na alhamdulillahi mwanao ameipata. Lakini haikizuii kijidudu kisiingie. Tangu vuli hadi baba yake alipoanza dawa, mtoto huyu alikuwa akibebwa na kulazwa karibu na mtu aliyekuwa akitoa vijidudu hewani, na miezi ile ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko wiki hizi za sasa.

Kuambukizwa na kuugua ni mambo mawili. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya wanne duniani ameshaambukizwa, na wengi wao hawataugua maisha yao yote, kwa sababu kinga ya mwili hukizungushia kijidudu ukuta na kukiacha kimelala. Ni asilimia 5 hadi 10 tu ya walioambukizwa wanaokuja kuugua wakati wowote wa maisha yao. Kwa mtoto mchanga hesabu ni nyengine. Kumbukumbu za madaktari wa enzi za kabla ya dawa zinaonyesha kwamba karibu nusu ya watoto walioambukizwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja waliugua, tena wengi wao ndani ya miezi kumi na miwili. Ukuta ule bado hawajaweza kuujenga.

Utakapofika kliniki wataanza na kadi. Wataufuata mstari wa uzito kidole kwa kidole: mtoto ambaye mstari wake ulikuwa ukipanda kila mwezi kisha ukalala miezi miwili mfululizo huwafanya watu wa kazi hii wasimame, hata kama hakohoi. Watakuuliza kama ana kikohozi kisichokwisha, homa za mara kwa mara, au kama amepungukiwa na mchezo wake wa kawaida. Usishangae wakikuomba choo chake badala ya makohozi, maana wachanga hawajui kutema, huyameza, na vijidudu huweza kuonekana kwenye choo kwa mashine ileile niliyoitaja. Wakimwona mgonjwa atatibiwa, na watoto wengi ambao maradhi yao si makali siku hizi hutibiwa kwa miezi minne tu. Wakimwona mzima, ambalo ndilo ninalolitarajia zaidi, watampa dawa ya kinga kwa miezi mitatu au sita kulingana na dawa watakayoichagua. Hapo wazazi wengi husita: kwa nini mtoto mzima anyweshwe dawa? Jibu ni kwamba dawa hiyo inamfanyia kazi ambayo kinga yake bado ni changa kuifanya, na kuichelewesha kwa kusubiri aanze kukohoa ni kusubiri ajali.

Ziwa usimwachishe. Kifua kikuu hakipiti katika maziwa ya mama, na mtoto wa umri huu akikatizwa kunyonya huanza kupungua uzito, na uzito ukipungua maradhi hupata njia. Wakubwa zake wawili nao waende wakachunguzwe, na wewe pia, na mavyaa wako asibaki nyuma kwa kuwa ndiye aliyeshika usimamizi wa nyumba. Mtu mwenye sukari yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya mwengine, na sukari isiyodhibitiwa huyafanya matibabu yenyewe kuwa magumu. Mwambie hivyo kwa upole. Huenda akaielewa hoja ya dirisha vizuri zaidi akijua kwamba linafunguliwa kwa ajili yake.

Kuhusu dago, nitakuwa mkali kidogo. Nafuu aliyoipata mumeo ni ya kweli na ni ya kushukuru, lakini ni nafuu, si kupona. Kijidudu hiki ni kivivu: bakteria wa kawaida wa tumboni huzaana kila baada ya dakika 20 au zaidi kidogo, na hiki huchukua karibu saa 20. Dawa huua vizuri zaidi kijidudu kinachokua, kwa hiyo katika wiki za mwanzo hufa wale wengi wanaozaana, homa inashuka, hamu ya kula inarudi, na mtu anajiona mzima. Wanaobaki ni wachache waliolala usingizi, ambao dawa huwapata mmoja mmoja kadiri wanavyoamka. Miezi minne ya mwisho, yenye dawa mbili badala ya nne, ni kwa ajili ya hao. Akiacha sasa, wataamka akiwa baharini na hakuna kidonge.

Na kwa nini dawa nne? Katika tundu moja la pafu lililoliwa na maradhi huweza kuwamo vijidudu zaidi ya milioni mia moja. Miongoni mwao, kwa bahati tu ya kuzaliana, takriban mmoja katika kila milioni huwa tayari anaikaidi isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo nne. Ukitumia dawa moja unawaua wote isipokuwa hao, kisha hao wanakuwa wenye nyumba. Ndivyo ilivyotokea Uingereza miaka ya 1940, wagonjwa wa kwanza walipopewa streptomaisini peke yake: walinyanyuka vitandani, kisha wengi wao wakarudi wakiwa na vijidudu visivyosikia dawa. Kumeza kwa kurukaruka, leo dawa, kesho hakuna, hufungua mlango uleule. Kifua kikuu sugu kinatibika, lakini dawa zake ni kali zaidi, ufuatiliaji wake ni mzito, na atakachowaambukiza watoto wake kitakuwa hicho hicho sugu.

Hii miezi sita anayoiona mirefu, laiti angejua ilikotoka. Wagonjwa wa zamani walimeza dawa mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majaribio yaliyofanywa hapa hapa Afrika Mashariki na Zambia, na wagonjwa wa kwetu wakiwamo, yalionyesha kwamba rifampisini ikiongezwa, miezi sita inatosha.

Sisemi asivue. Nasema asiende dago kabla ya makohozi ya mwisho wa mwezi wa pili kupimwa na kuonekana safi. Hadi hapo avue karibu, arudi nyumbani, ameze dawa mbele yako au mbele ya mtu mwengine mliyekubaliana naye. Baada ya hapo, kama safari haina budi, aende kliniki kabla ya kuondoka na awaambie anakwenda wapi na kwa muda gani. Wanaweza kumpa dawa za muda huo, au barua ya kumhamishia kwa muda katika kituo cha huko aendako, kama ni Tanga au kwengine Tanzania Bara. Dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo barua ndiyo nauli yake kubwa. Vidonge avitie ndani ya chombo kisichoingia maji, na katika wale anaolala nao kambini amchague mmoja wa kumkumbusha. Kambi zenyewe, ambamo watu hulala wamebanana chini ya turubai, ni mahali pazuri sana kwa kifua kikuu, na kama wenzake wa msimu uliopita wapo wanaokohoa zaidi ya wiki mbili, atawafanyia wema mkubwa kuwapeleka wakapimwe.

Mkojo mwekundu ni rangi ya rifampisini inayotoka mwilini. Hutia rangi ya chungwa au nyekundu kwenye mkojo, jasho na hata machozi, na huweza kuacha madoa kwenye kanzu nyeupe. Si damu, wala figo haiharibiki. Wapo wauguzi wanaoifurahia rangi hiyo kwa kuwa ni ushahidi kwamba kidonge kimemezwa. Dalili za kuogopa ni nyengine, na hizi zikitokea asisubiri siku yake ya kliniki: macho kugeuka manjano, kutapika kusikokoma au maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, kwa sababu dawa hizi huweza kuidhuru ini, kuona kiwi au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, kwa sababu ethambutoli, nyengine katika dawa hizo nne, mara chache hugusa mshipa wa jicho, na ganzi au kuungua nyayoni, ambako hutokana na isoniazidi na hutibika kwa vitamini B6. Kutema damu nyingi au kushindwa kupumua ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mtoto, homa pamoja na kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege au shingo kukakamaa ni dalili zisizongoja asubuhi.

Ramadhani ina njia zake. Vidonge vya siku nzima humezwa pamoja, mara moja kwa siku, na havigawanywi. Rifampisini hupokelewa vyema tumbo likiwa tupu, kwa hiyo anayefunga anaweza kuamka mapema, akameza kwa maji, akangoja kama saa moja, kisha akala daku. Au akameza usiku, saa mbili baada ya chakula. Lakini mumeo bado yumo katika miezi miwili ya dawa nne, amekonda, na mwili wake unahitaji chakula cha mchana. Aya ya 184 ya Suratul Baqara inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyengine, na mimi kama daktari ningemshauri aichukue ruhusa hiyo mwaka huu. Shekhe wake na daktari wake wakimsikiliza pamoja ndiyo bora. Lililo baya kuliko yote ni kufunga huku akiruka dawa.

Juu ya jicho la watu sitabishana na mtu. Asomewe dua, aombewe, hakuna kidonge kinachokataa hilo. Ninachokikataza ni mizizi na majani ya kuchemsha juu ya dawa hizi, kwa kuwa ini lake tayari lina kazi nzito, na mengi ya hayo humezwa bila ya kujulikana kipimo chake. Na wanaosema ana UKIMWI wanachanganya mambo mawili. Ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI huidhoofisha kinga na kukiamsha kifua kikuu, na ndiyo maana kila mgonjwa hupimwa vyote viwili. Lakini Zanzibar maambukizo ya virusi hivyo ni chini ya asilimia moja ya watu wazima, na duniani kote wagonjwa wapya wa kifua kikuu wenye virusi hivyo mwaka 2023 walikuwa kama asilimia 6 tu. Majibu ya mumeo ni yake. Hana deni la kumwonyesha mtu karatasi.

Nije kwa swali lako la mwisho, ambalo watu wachache huliuliza na ndilo lililonifanya niandike kwa urefu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia mwaka 1993. Miaka 30 baadaye, mwaka 2023, walikadiriwa kuugua watu milioni 10.8 na kufa milioni 1.25, na maradhi haya yakarudi kuwa muuaji mkubwa kuliko maradhi yote yanayotokana na kijidudu kimoja, baada ya korona kukishika kiti hicho kwa miaka mitatu. Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi. Haya yote yanatokea huku dawa zikiwaponya karibu watu tisa katika kila kumi wanaotibiwa kifua kikuu cha kawaida.

Tatizo liko kabla ya dawa. Katika milioni zile 10.8, waliogunduliwa na kuandikishwa walikuwa milioni 8.2. Waliobaki, zaidi ya milioni mbili na nusu, walikuwa majumbani, mashambani na makambini wakikohoa, wengine wakidhani ni baridi ya baharini kama mlivyodhani nyinyi, na kila mmoja akiiacha hewa yake kwa watu wa nyumba yake. Maradhi hayahitaji zaidi ya hapo ili yaendelee. Nchi yetu ilitoa mfano mzuri katika jambo hili: mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa mwaka 1977, ambao Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Ucheki, alisaidia kuujenga, ulionyesha kwamba hata nchi maskini inaweza kumwandikisha kila mgonjwa kwenye daftari, kumfuata mpaka amalize dawa na kuhesabu waliopona; katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaufanya utaratibu huo kuwa wa dunia nzima. Hata panya buku wa Morogoro, wanaofunzwa kunusa makohozi, wamewaibua wagonjwa ambao darubini ya maabara iliwakosa. Wengine huwacheka panya hawa. Mimi siwacheki.

Sehemu ya pili ya jibu ni umaskini, na hapa madaktari tumezoea kupita haraka. Kijidudu hupenda nyumba iliyobanana na mwili wenye njaa. Utafiti uliofanywa jimbo la Jharkhand, India, na kutolewa mwaka 2023, uliwapa jamaa wa wagonjwa nafaka, kunde na vitamini kila mwezi, na visa vipya vya kifua kikuu miongoni mwao vilipungua kwa karibu asilimia 40 ukilinganisha na familia ambazo mgonjwa peke yake ndiye aliyepewa chakula. Hiyo ni kazi ambayo watu wangeitarajia kwa chanjo. Nyumbani kwako maana yake ni kwamba dagaa, maharage, mayai na samaki anaowaleta mumeo mwenyewe wasiuzwe wote; sehemu yao ibaki kwa mgonjwa na kwa watoto. Chanjo mpya zipo njiani, na moja iliingia hatua ya mwisho ya majaribio kwa binadamu mwaka 2024 kuanzia Afrika Kusini, lakini miaka michache ya kusubiri bado ipo.

Nimebakisha jambo moja linalokuhusu wewe mwenyewe. Ukishachunguzwa na kuonekana huna maradhi, huenda nawe ukapewa dawa ya kinga, na aina mojawapo kwa watu wazima humezwa mara moja tu kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Ndani yake mna dawa ya ukoo wa rifampisini, ambayo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti kinachowekwa mkononi. Kama unatumia kimojawapo, au kama unahisi huenda una mimba, mwambie muuguzi kabla ya kupokea dozi ya kwanza, akuchagulie dawa nyengine au akupe njia nyengine ya uzazi wa mpango kwa miezi hiyo.